Tovuti ya WordPress ikikwama baada ya sasisho la kiotomatiki: namna ya kuichunguza na kuirejesha hewani

Tangu toleo la 3.7 lilipotoka mwezi Oktoba 2013, WordPress, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti, imekuwa ikijisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama, na tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020 mwenye tovuti anaweza kuziruhusu programu-jalizi (plugins, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo) na mandhari (themes, yaani sura ya tovuti) zake zijisasishe vilevile bila kumsubiri. Mpango huu umezinusuru tovuti nyingi ambazo wenyewe hukaa miezi bila kuzifungua, lakini kasoro yake ni kwamba kazi hufanyika wakati hakuna mtu anayeitazama. Ikikatika katikati, mara nyingi wa kwanza kujua huwa ni mteja anayepiga simu kuuliza kwa nini duka halifunguki.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayesimamia tovuti ya biashara, ya shule au ya asasi kwenye seva ya kukodi yenye cPanel (paneli ya kuidhibiti seva kwa kivinjari), anayeweza kufungua folda na kuhariri faili lakini si lazima awe mtaalamu wa programu. Anayekuta tovuti imezima hushikwa na hamu ya kurudisha papo hapo nakala rudufu ya jana. Hatua hiyo iwe ya mwisho, kwa sababu sasisho lililokwama kwa kawaida huharibu sehemu ndogo tu ya tovuti, na sehemu hiyo huweza kujulikana kwa jina lake ukitazama mahali panapostahili, ilhali nakala ya jana hufuta kila kilichoingia tangu jana, yakiwamo maagizo ya wateja na ushahidi wa kilichotokea.

Sasisho hupita wapi

WordPress haina saa ya kuiamsha. Hutegemea mgeni anayefungua ukurasa, na ndipo huangalia kama kuna kazi iliyofikia wakati wake. Mara mbili kwa siku huuliza kama kuna matoleo mapya. Likipatikana, hupakua furushi, hulifungua ndani ya folda ya wp-content/upgrade, huweka alama ya kufunga milango kwa muda, huondoa mafaili ya zamani, hunakili mapya, huondoa ile alama, na inapohitajika hurekebisha majedwali ya hifadhidata. Kazi ikikatika wakati wa kupakua, hakuna kinachoharibika, kwa kuwa mafaili ya zamani hayajaguswa. Hatari iko kati ya kuondoa ya zamani na kumaliza kunakili mapya, na kinachoikatiza kazi hapo mara nyingi ni programu kumaliza muda iliopewa na seva, memori kwisha, au diski kujaa. Ukiyajua haya, swali lako litakuwa moja tu: kazi ilikatikia wapi?

Hatua ya kwanza: tazama kabla ya kugusa

Fungua ukurasa wa mbele kwenye dirisha la faragha la kivinjari, kisha ufungue tena kwa simu inayotumia data na si Wi-Fi ya ofisini, ili usije ukadanganywa na kashe ya kompyuta yako, yaani nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa ili ufunguke haraka. Halafu jaribu anwani ya kuingilia, yaani wp-login.php. Andika pembeni saa uliyoanza kuona tatizo na maneno kamili yanayoonekana, kwa sababu kila ujumbe una njia yake.

Ukiona maneno “Briefly unavailable for scheduled maintenance. Check back in a minute.”, sasisho lilikatika likiwa limeshafunga milango, nawe nenda hatua ya tatu. Ukiona “There has been a critical error on this website.”, au ukurasa mweupe usio na neno, au kosa namba 500, msimbo wa PHP, lugha inayoendesha WordPress, umekwama mahali fulani, hatua ya nne na ya tano ndizo zako. Ukiona tovuti imefunguka lakini imevurugika, menyu zimeporomoka na vitufe havibonyezeki, anza na kashe kabla ya kitu kingine chochote. Na ukiona “Error establishing a database connection”, shuku yako isielekee kwenye sasisho haraka. Mara nyingi ni huduma ya hifadhidata ya seva iliyosimama au nenosiri lililobadilika ndani ya wp-config.php, faili la mipangilio ya tovuti, na hilo huulizwa kwa kampuni inayokuhifadhia tovuti.

Hakikisha pia kwamba jina la tovuti halijaisha muda na akaunti ya seva haijafungwa kwa deni. Si jambo la kuchekesha. Sasisho na ankara vinaweza kugongana usiku mmoja, na mtu akapoteza asubuhi nzima akichimbua mafaili yasiyo na kosa.

Hatua ya pili: chukua nakala ya hali iliyoharibika

Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa hawaoni maana ya kuhifadhi kitu kibovu. Maana yake ni kwamba hifadhidata iliyo nyuma ya tovuti iliyozima kwa kawaida ni nzima kabisa, nayo ndiyo yenye makala, maagizo na wateja wako hadi dakika ya mwisho. Ingia phpMyAdmin, zana ya kusimamia hifadhidata iliyo ndani ya cPanel, chagua hifadhidata ya tovuti, uihamishe yote kama faili la SQL, kisha ulipakue kwenye kompyuta yako. Upande wa mafaili, bana folda yote ya public_html iwe faili moja la zip ikiwa nafasi ya diski inaruhusu. Ikiwa hairuhusu, bana wp-content/plugins, wp-content/themes na faili la wp-config.php, kwa sababu picha zilizo ndani ya uploads haziguswi na sasisho.

Hatua ya tatu: ujumbe wa matengenezo usioondoka

Alama ya kufunga milango tuliyoitaja ni faili linaloitwa .maintenance, lililowekwa kwenye folda kuu ya tovuti, pale pale palipo na wp-config.php. Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo kidhibiti cha mafaili cha cPanel hulificha mpaka uingie kwenye mipangilio yake na kuruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane. Ndani yake mna mstari mmoja wa namna hii:

`<?php $upgrading = 1718000000; ?>`

Namba hiyo ni idadi ya sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za UTC (saa rasmi za dunia), nayo inakuambia ni lini hasa sasisho lilianza. Kwa mfano huu ni tarehe 10 Juni 2024, saa 3 na dakika 13 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Inakili kabla ya kulifuta faili, maana utaihitaji katika hatua ya tano.

WordPress yenyewe hulipuuza faili hili likishapita dakika 10, kwa hiyo kama ujumbe bado upo baada ya nusu saa, kuna mambo mawili ya kufikiri. La kwanza ni kwamba kuna kashe iliyohifadhi ukurasa huo wa matengenezo na inaendelea kuwagawia wageni. La pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni kwamba sasisho linajaribiwa upya tena na tena, na kila jaribio linaandika faili jipya. Utalitambua kwa kulinganisha namba iliyo ndani ya faili mara mbili kwa kupishanisha muda: ikiwa imebadilika, kulifuta hakutakusaidia mpaka uondoe kinachokwamisha, ambacho kwa kawaida ni diski iliyojaa au ruhusa za mafaili zilizokosewa.

Kama namba haibadiliki, futa .maintenance na ufungue tovuti. Ikifunguka, usiridhike bado. Kufuta alama kumefungua milango tu, hakujakamilisha kazi iliyoachwa nusu; nenda kwenye ukurasa wa masasisho katika dashibodi uone ni kipi kilikuwa kinasasishwa, ukisasishe kwa mkono, na uendelee na ukaguzi wa hatua zinazofuata.

Hatua ya nne: barua pepe ya uokoaji

Tangu toleo la 5.2 la Mei 2019, WordPress ikikumbana na kosa la kuizima hujaribu kumtumia msimamizi barua pepe yenye jina la programu-jalizi au mandhari iliyosababisha, pamoja na kiungo maalumu cha kuingilia dashibodi. Itafute katika sanduku la anwani iliyosajiliwa kama ya msimamizi, na pia kwenye barua taka. Kiungo hicho hudumu siku moja.

Hapa pana jambo linalowachanganya watu wengi. Ukiingia kwa kiungo hicho, programu-jalizi yenye kosa husimamishwa kwako wewe peke yako. Utaiona tovuti ikifanya kazi vizuri huku wageni wakiendelea kuona kosa lile lile. Ndiyo sababu mtu huweza kuapa kwamba tovuti imepona na mteja akaapa kwamba haijapona, wote wawili wakiwa wakweli. Ukiwa ndani, izime rasmi ile programu-jalizi kwenye orodha yake, toka katika hali ya uokoaji, kisha uangalie upya kwa dirisha la faragha.

Kama barua haikufika, usiingojee. Tovuti nyingi kwenye seva za pamoja hazijawahi kupangiwa vizuri njia ya kutuma barua pepe, na daftari la hitilafu litakueleza mengi zaidi.

Hatua ya tano: soma daftari la hitilafu

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayokimbiwa zaidi kwa sababu maandishi yake yanatisha. Kwenye seva nyingi za cPanel utakuta faili la error_log ndani ya folda kuu ya tovuti au ndani ya wp-admin. Kama halipo, au halina kitu kipya, fungua wp-config.php, tafuta mstari unaosema “That's all, stop editing!”, na juu yake uandike mistari hii mitatu, ikiwa WP_DEBUG tayari imeandikwa humo, ibadilishe hiyo badala ya kuirudia.

`define( 'WP_DEBUG', true );`
`define( 'WP_DEBUG_LOG', true );`
`define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );`

Mstari wa tatu unazuia makosa yasimwagike mbele ya wageni. Fungua tovuti mara moja ili kosa litokee, kisha usome faili la wp-content/debug.log kuanzia chini, kwa kuwa la karibuni ndilo la mwisho. Tafuta maneno “PHP Fatal error”; maonyo mengine yanayoanza na “Notice” au “Deprecated” yaache kwanza, hata yakijaa ukurasa mzima, maana hayo hayaizimi tovuti.

Chukua mfano wa kubuni wa duka lenye programu-jalizi iitwayo malipo-simu:

`[10-Jun-2024 06:13:41 UTC] PHP Fatal error: Uncaught Error: Failed opening required '/home/duka/public_html/wp-content/plugins/malipo-simu/includes/agizo.php'`

Saa iliyoandikwa ni ya UTC, yaani saa tatu nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo 06:13 hapo ni saa 3:13 asubuhi kwetu, sekunde chache baada ya ile namba tuliyoikuta ndani ya .maintenance. Mshtakiwa amepatikana: njia ya faili inapita plugins/malipo-simu, na kosa linasema kuna faili linalotakiwa ambalo halipo. Hiyo ni dalili ya kunakili kulikokatika katikati.

Maneno mengine yana tafsiri zake. “Call to undefined function” au “undefined method” kwa kawaida humaanisha kwamba programu-jalizi moja imesonga mbele na nyingine inayoitegemea imebaki nyuma. “Syntax error, unexpected” kwenye programu-jalizi iliyotoka kusasishwa huashiria kwamba msimbo wake umeandikwa kwa PHP mpya kuliko ile ya seva yako. “Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted” humaanisha memori ya MB 128 imekwisha, na hapo uwe na tahadhari, kwa sababu faili linalotajwa ni lile lililokuwa likitumia memori wakati ilipokwisha, wala si lazima liwe ndilo lililoimaliza. “No space left on device” halihitaji maelezo.

Hatua ya sita: ondoa kosa kwa badiliko dogo kuliko yote

Ikiwa ni programu-jalizi, ingia wp-content/plugins na ubadilishe jina la folda yake, kwa mfano malipo-simu iwe malipo-simu-imezimwa. WordPress isipoiona mahali ilipoizoea huendelea bila hiyo, na tovuti hufunguka. Usiifute kupitia kitufe cha dashibodi, kwa sababu kitufe hicho huendesha pia msimbo wa kujiondoa ambao kwa baadhi ya programu-jalizi hufuta mipangilio na majedwali yake katika hifadhidata. Huko ni kumtupa jongoo na mti wake. Kubadilisha jina la folda hakugusi hifadhidata.

Ikiwa daftari halikutaja jina lolote, badilisha jina la folda nzima ya plugins. Tovuti ikifunguka, umejua kwamba mkosaji yumo humo. Ingia dashibodi na ufungue ukurasa wa programu-jalizi ili zote zizimwe rasmi, rudisha jina la folda, kisha uziwashe moja moja, ukiangalia tovuti kila baada ya moja, hadi iliyo mbovu ijitokeze.

Sasa kuna uamuzi wa kufanya: kuweka upya toleo lile lile jipya, au kurudi kwenye la zamani? Kama daftari lilionyesha faili linalokosekana, weka toleo jipya lile lile kwa furushi zima. Programu-jalizi nyingi zikisasishwa hubadilisha pia majedwali yao, na ukirudisha msimbo wa zamani juu ya majedwali mapya unaweza kuzua kosa jingine gumu zaidi kuliko la kwanza. Kurudi nyuma kunafaa pale toleo jipya lenyewe linapokuwa na kasoro au linapogombana na kingine, na hata hapo soma kwanza maelezo ya mabadiliko yake. Kwa zile za bure, matoleo ya zamani yako kwenye WordPress.org, chini kabisa ya sehemu ya “Advanced View” ya ukurasa wa programu-jalizi husika. Za kulipia hupakuliwa kutoka akaunti yako kwa mtengenezaji. Tangu toleo la 6.3 la Agosti 2023, WordPress huhamishia pia toleo la zamani kwenye wp-content/upgrade-temp-backup wakati wa kusasisha, kwa hiyo ikiwa kazi ilikatika ghafla, tazama humo kabla hapajasafishwa. Unaweza kulikuta zima.

Mandhari hutendewa vivyo hivyo ndani ya wp-content/themes, mradi pawepo mandhari nyingine ya kawaida ya WordPress ya kuangukia. Wale wanaofuta mandhari zote wasizozitumia kwa ajili ya usafi wabakize moja.

Ikiwa ni WordPress yenyewe iliyokatika, utaona makosa yanayotaja wp-includes au wp-admin. Fungua wp-includes/version.php usome toleo, pakua furushi la toleo hilo hilo kutoka WordPress.org, na ulifungue kwenye kompyuta yako. Kwenye seva, badilisha majina ya folda za wp-admin na wp-includes, pandisha zile mpya, kisha pandisha mafaili mengine ya folda kuu juu ya yaliyopo. Folda ya wp-content isiguswe, wala wp-config.php. Nashauri kubadilisha majina badala ya kupandisha folda mpya juu ya za zamani kwa sababu mafaili ya toleo lililopita ambayo hayamo katika jipya yangebaki humo yakichanganyika na mengine. Ukimaliza, fungua wp-admin/upgrade.php, ikikuambia hifadhidata inahitaji kusasishwa, ikubalie, maana nakala yake unayo tangu hatua ya pili. Zile folda za zamani zifute tovuti ikishatulia.

Mwenye ruhusa ya kutumia SSH (njia ya kuingia seva na kuiandikia amri) na zana ya WP-CLI (ya kuisimamia WordPress kwa amri) ana njia fupi zaidi. Amri ya kwanza inalinganisha mafaili ya WordPress na orodha rasmi na kutaja yaliyopotea au kubadilika. Ya pili inafanya hivyo kwa programu-jalizi za WordPress.org, ya tatu inazima programu-jalizi hata kama tovuti haifunguki.

`wp core verify-checksums`
`wp plugin verify-checksums --all`
`wp plugin deactivate malipo-simu --skip-plugins --skip-themes`

Kama tatizo ni PHP, angalia toleo lake kwenye cPanel. WordPress 6.6, kwa mfano, haikubali chini ya 7.2.24. WordPress huzuia sasisho ikiwa programu-jalizi imetangaza PHP inayohitaji na seva haijaifikia, lakini baadhi ya zile za kulipia hazitangazi chochote, na ndizo zinazopenya na kuangusha tovuti. Pandisha PHP hatua moja tu na ujaribu, wala usiruke kutoka 7.4 hadi toleo la mwisho lililoko kwenye orodha, kwa kuwa programu-jalizi nyingine za zamani zinaweza kukataa upande wa pili.

Diski ikijaa, wakosaji wa kawaida ni watatu: nakala rudufu ambazo programu-jalizi ya nakala imekuwa ikizirundika ndani ya wp-content, barua pepe za miaka mingi zinazokaa kwenye akaunti hiyo hiyo, na faili la error_log lenyewe lililokua bila kuangaliwa. Angalia pia idadi ya mafaili na si ukubwa peke yake, kwani seva nyingi za pamoja zina ukomo wa vyote viwili. Kuhusu ruhusa, folda ziwe 755 na mafaili 644. Ushauri wa kuweka 777 ili mambo yaende unatolewa ovyo, nao unaacha tovuti wazi kwa yeyote aliye kwenye seva hiyo.

Kufuli na kashe

Ukijaribu kusasisha tena ukaambiwa “Another update is currently in progress.”, hilo ni kufuli lililoachwa na jaribio lililokufa. Hujifungua lenyewe baada ya dakika 15. Asiyeweza kusubiri afungue jedwali la wp_options kwenye phpMyAdmin na kufuta mstari wenye jina core_updater.lock, kiambishi cha wp_ kinaweza kuwa tofauti kwako.

Kashe ina tabaka kadhaa, na kila moja huweza kuendelea kuonyesha maiti ya jana. Safisha ya programu-jalizi ya kashe, ya kampuni ya seva na ya Cloudflare (huduma inayokaa kati ya wageni na seva) kama unaitumia. Kisha tazama ndani ya wp-content kama kuna object-cache.php au advanced-cache.php. Mafaili haya huwekwa na programu-jalizi za kashe lakini hukaa nje ya folda zake, kwa hiyo ukizima programu-jalizi kwa kubadilisha jina la folda yake, mafaili hayo hubaki yakifanya kazi. Yabadilishe majina pia. PHP nayo ina kashe yake ya msimbo iitwayo OPcache, ambayo huweza kuendelea kuendesha faili la zamani ulilokwisha kulibadilisha. Ukiona umetengeneza kila kitu na kosa haliondoki, iombe kampuni ya seva iisafishe.

Ikiwa tovuti inapokea malipo

Duka linalopokea M-Pesa lina hasara isiyoonekana kwenye skrini. Mteja akibonyeza kulipa, hupata ombi kwenye simu, huweka namba ya siri, na pesa hukatwa; kisha mfumo wa malipo hutuma jibu kwenye anwani maalumu ya tovuti yako ili agizo lihesabiwe kuwa limelipwa. Tovuti ikizima kati ya hatua hizo mbili, jibu hugonga mlango uliofungwa, na agizo hubaki likisubiri ingawa pesa zimefika. Kwa hiyo, tovuti ikirudi, chukua taarifa ya miamala ya kipindi chote cha kuzima, kuanzia ile saa ya .maintenance hadi saa ulipoifungua, na uilinganishe na maagizo mstari kwa mstari. Wapigie wateja husika kabla hawajakupigia.

Hii pia ndiyo sababu kubwa ya kutokimbilia nakala rudufu. Ikibidi kabisa kuirudisha, rudisha mafaili peke yake kwanza, na uiache hifadhidata kama ilivyo. Kurudisha hifadhidata kunafaa tu pale majedwali yenyewe yalipoharibika, na ukifanya hivyo, chomoa kwanza maagizo mapya kutoka kwenye nakala uliyoichukua katika hatua ya pili.

Ukiomba msaada

Ujumbe wa kusema “tovuti yangu haifanyi kazi tangu jana” hujibiwa kwa maswali, na siku hupita. Iandikie kampuni ya seva saa kamili ya tukio kwa UTC, mstari wa kosa kutoka kwenye daftari, toleo la PHP, na ulichokwisha kukijaribu, kisha uulize swali moja lenye jibu: je, kazi ya PHP ilikatwa na ukomo wa seva katika dakika hiyo? Wao wana madaftari ambayo wewe huyaoni.

Baada ya tovuti kurudi

Irudishe WP_DEBUG iwe false na ulifute faili la debug.log, kwa kuwa kwenye seva nyingi mtu yeyote anayeijua anwani yake anaweza kulisoma, nalo lina majina ya folda na wakati mwingine taarifa za wateja. Jaribu kwa mkono yale ambayo tovuti ipo kwa ajili yake: jaza fomu ya mawasiliano, weka bidhaa kikapuni, lipa kiasi kidogo.

Wapo watakaokushauri uzime masasisho yote ya kiotomatiki. Siungi mkono ushauri huo, kwa sababu tovuti iliyoachwa bila viraka vya usalama huvamiwa, na kusafisha uvamizi ni kazi kubwa mara nyingi kuliko hii. Acha masasisho madogo ya WordPress yaendelee, kwa mstari huu ndani ya wp-config.php:

`define( 'WP_AUTO_UPDATE_CORE', 'minor' );`

Kwa programu-jalizi, zigawe. Ndogo zisizogusa fedha ziachwe zijisasishe. Za malipo, za duka na za kujengea kurasa zisasishwe kwa mkono, siku ya kazi asubuhi, baada ya kuchukua nakala. Tangu toleo la 6.6 la Julai 2024, WordPress hurudisha yenyewe toleo la zamani la programu-jalizi ikiwa sasisho la kiotomatiki limeleta kosa la kuizima tovuti, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini ukaguzi huo hufungua ukurasa wa mbele tu. Kosa lililoko kwenye ukurasa wa malipo litapita bila kuonwa, na ukurasa wa mbele utaendelea kuonekana mzima kabisa huku hakuna mteja anayeweza kulipa.